Afya ya Utando wa Utumbo na Mambo Yanayoudhuru: Mafunzo kutoka Tafiti za Udumavu wa Watoto Barani Afrika

Ikisiri

Makala haya yanafafanua muundo na kazi ya utando wa utumbo pamoja na mambo yanayoweza kuudhuru. Hoja kuu ni kwamba utando huo una kazi mbili zinazovutana, yaani kupitisha virutubishi na kuzuia vijidudu, na kwamba madhara yanayowagusa watoto wengi zaidi katika mazingira machafu hutokea bila dalili ya wazi. Mfano unaojadiliwa kwa kina ni udhaifu wa utumbo unaotokana na mazingira, ambao umehusishwa na udumavu. Makala yanapitia ushahidi kutoka Gambia, Kenya, Tanzania na Zimbabwe, na kuonyesha kwa nini hatua zilizotarajiwa kuukinga utumbo wa mtoto hazikuongeza kimo chake kama ilivyodhaniwa. Mwisho, makala yanajadili namna maarifa haya yanavyopaswa kuelezwa kwa Kiswahili bila kupotosha na bila kumtwika mama lawama isiyo yake.

Maneno Makuu: utando wa utumbo, upenyekaji, mchochota, udumavu, usafi wa mazingira

1.0 Utangulizi

Katika mazungumzo ya kila siku ya Kiswahili, neno tumbo hubeba maana nyingi. Mgonjwa anayesema kuwa tumbo linamuuma huenda anazungumzia mfuko wa chakula, utumbo mwembamba, utumbo mpana, kibofu au mji wa mimba. Neno chango nalo hutumika kwa maana ya utumbo, kwa maana ya minyoo iishiyo humo, na kwa maana ya maumivu ya tumbo. Vivyo hivyo, vidonda vya tumbo ni jina linalojumuisha vidonda vya mfuko wa chakula na vile vya sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba. Upana huu wa maana hauleti shida kubwa, kwa kuwa tabibu huuliza maswali zaidi hadi akabaini mahali penye maradhi.

Hata hivyo, ipo sehemu moja ambayo msamiati huo huiacha nje. Sehemu hiyo ni utando wa seli uliotandazwa upande wa ndani wa utumbo. Utando huo hauhisi kukatwa wala kuchomwa kama ngozi inavyohisi, na kwa hiyo unaweza kudhoofika kwa miezi mingi bila mwenye nao kulalamika. Mtoto mwenye utando uliodhoofika anaweza kula, kucheza na kulala kama watoto wengine. Dalili yake huonekana baadaye, anaposimamishwa kwenye kipimo cha urefu na kukutwa mfupi kuliko anavyopaswa kuwa kwa umri wake.

Suala hili si dogo. Mtoto huhesabiwa kuwa amedumaa pale kimo chake kinapopungua chini ya kiwango cha kawaida cha umri wake kwa zaidi ya mikengeuko sanifu miwili ya viwango vya Shirika la Afya Duniani. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini Tanzania walikuwa wamedumaa, ikilinganishwa na asilimia 34 katika utafiti wa 2015-16. Nchini Kenya, kiwango cha mwaka 2022 kilikuwa asilimia 18. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa maelezo ya hali hii ni uchache wa chakula pekee. Tafiti za miongo ya karibuni zimeonyesha kuwa swali la kile mtoto anachokula haliwezi kutenganishwa na swali la kile ambacho utumbo wake unaweza kukipokea.

2.0 Muundo na Kazi ya Utando wa Utumbo

2.1 Ukubwa wa Eneo

Utumbo mwembamba una sehemu tatu, yaani duodeni, jejuni na ileamu, na baada yake hufuata utumbo mpana. Upande wa ndani wa utumbo mwembamba una mikunjo, juu ya mikunjo kuna vijidole vidogo visivyoonekana vizuri bila hadubini, na juu ya kila seli ya vijidole hivyo kuna nywele fupi mno. Muundo huu wa tabaka juu ya tabaka huongeza eneo la kufyonza chakula. Kwa miaka mingi vitabu vya kiada vilidai kuwa eneo hilo ni sawa na uwanja wa tenisi. Mwaka 2014, Helander na Fändriks, watafiti wa Sweden, walipima upya na kupata takribani mita za mraba 32 kwa njia nzima ya chakula, ambapo takribani mita za mraba 2 tu ni za utumbo mpana. Ingawa kadirio hili ni dogo kuliko lile la zamani, bado ni kubwa mara nyingi kuliko eneo la ngozi ya mtu mzima, ambalo halizidi sana mita za mraba 2.

2.2 Seli za Utando

Utando wenyewe una unene wa seli moja tu. Seli nyingi ni zile za kufyonza, ambazo hubeba vimeng'enya vya kumalizia usagaji wa sukari na protini. Katikati yake kuna seli zinazotoa ute na seli zinazotoa homoni. Kwenye vishimo vilivyo kati ya vijidole kuna seli za Paneth, ambazo hutoa kemikali za kuua bakteria, pamoja na seli shina zinazozaa seli nyingine zote. Seli mpya huzaliwa chini kishimoni, hupanda taratibu hadi kwenye ncha ya kijidole, kisha hubanduka na kutupwa. Safari hiyo huchukua takribani siku tatu hadi tano. Kwa maneno mengine, utando wa utumbo hujijenga upya wote ndani ya wiki moja.

Kasi hii ni nguvu na udhaifu kwa wakati mmoja. Ni nguvu kwa kuwa jeraha dogo hupona haraka. Ni udhaifu kwa kuwa ujenzi usiokoma unahitaji protini, zinki, vitamini A na folati kila siku. Mwili unapokosa vitu hivi, utumbo ni miongoni mwa viungo vya kwanza kuathirika.

2.3 Ute, Bakteria na Kinga

Juu ya seli kuna tabaka la ute. Katika utumbo mpana tabaka hilo ni maradufu: la nje hukaliwa na bakteria, na la ndani huwa karibu halina bakteria kabisa. Aidha, chini ya utando kuna sehemu kubwa ya seli za kinga za mwili, ambazo hutengeneza kingamwili za aina ya A na kuzimwaga ndani ya utumbo ili zifungamane na vijidudu kabla havijagusa seli.

Bakteria waliomo utumboni si maadui kwa jumla wao. Sender, Fuchs na Milo walikadiria mwaka 2016 kuwa mwili wa mwanamume mzima una bakteria takribani trilioni 38, idadi inayokaribiana na ile ya seli zake mwenyewe, na wengi wao wamo katika utumbo mpana. Bakteria hawa huchachusha nyuzinyuzi za vyakula ambazo mwili hauwezi kuzisaga, na kutoa asidi fupi za mafuta. Mojawapo, iitwayo butireti, ndiyo chakula kikuu cha seli za utando wa utumbo mpana. Hivyo basi, mtu anapokula maharage, mtama au mboga za majani, sehemu ya mlo huo huwalisha bakteria kwanza, nao bakteria huulisha utando.

3.0 Dhana ya Upenyekaji

Virutubishi hupita kwenye utando kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kupitia ndani ya seli, ambako protini maalumu huvishika na kuvivusha. Njia ya pili ni kupitia kati ya seli na seli. Mahali hapo seli hushikamanishwa na viungio vinavyobana, vilivyojengwa kwa protini kama okludini na klaudini. Okludini ilitambuliwa nchini Japani mwaka 1993 na klaudini mwaka 1998. Viungio hivi si saruji iliyoganda. Hulegea na kukaza kulingana na mahitaji, na kwa kawaida huruhusu maji na chumvi kupita huku vikizuia vitu vikubwa.

Kiwango ambacho utando huruhusu vitu kupita ndicho makala haya yanachokiita upenyekaji. Hupimwa kwa kumnywesha mtu sukari mbili ambazo mwili hauzitumii, yaani laktulosi na manitoli, kisha kupima kiasi cha kila moja katika mkojo. Manitoli ni ndogo na hupita kwa urahisi palipo na eneo la kutosha la kufyonzea. Laktulosi ni kubwa na haipaswi kupita kwa wingi. Laktulosi ikiongezeka katika mkojo, kizuizi kimelegea. Manitoli ikipungua, eneo la kufyonzea limepungua. Kipimo hiki kimoja kinabainisha kazi zote mbili za utando, ya kuzuia na ya kupitisha, na zote mbili huweza kuharibika kwa pamoja.

Ni muhimu kuitofautisha dhana hii na ile ya utumbo unaovuja, inayotumiwa sana katika matangazo ya bidhaa za afya. Neno kuvuja huleta taswira ya tundu, kama la ndoo au paa. Upenyekaji hauhitaji tundu, kwani kila utumbo mzima una kiwango chake cha upenyekaji, na kuongezeka kwa kiwango hicho huandamana na magonjwa kadhaa bila kuthibitika kila mara kuwa ndicho chanzo chake. Kwa hiyo, dai kwamba uchovu, maumivu ya viungo na vipele vyote vinatokana na utumbo unaovuja ni dai linalovuka mipaka ya ushahidi.

4.0 Mambo Yanayoudhuru Utando

4.1 Vijidudu na Minyoo

Si kila ugonjwa wa kuhara huharibu utando. Mfano bora ni kipindupindu. Sumu ya bakteria wa kipindupindu huziamuru seli kumwaga maji na chumvi kwa wingi, lakini huziacha seli zenyewe zikiwa nzima. Mlango wa seli unaovusha sukari pamoja na sodiamu huendelea kufanya kazi, na hii ndiyo sababu maji yenye sukari na chumvi kwa kipimo sahihi huokoa maisha. Kanuni ya uvushaji huo ilielezwa na Robert Crane mwaka 1960, na mwaka 1968 huko Dhaka ikathibitika kuwa wagonjwa wa kipindupindu wanaweza kurudishiwa maji mwilini kwa kunywa.

Kinyume chake, virusi vya rota huua seli zilizo kwenye ncha za vijidole, mahali penye kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa. Bakteria wa shigela huingia ndani ya utando wa utumbo mpana na kusababisha kuhara damu. Vijidudu vya giadia hujibandika juu ya seli na kupunguza ufyonzaji, na vile vya kriptosporidia huishi ndani ya seli zenyewe. Safura, kwa upande wake, hujishikiza kwenye ukuta wa utumbo na kunyonya damu, hivyo kumletea mgonjwa upungufu wa damu.

4.2 Dawa na Pombe

Dawa za kutuliza maumivu za kundi la aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huzuia utengenezaji wa prostaglandini, kama John Vane alivyoonyesha mwaka 1971, ugunduzi uliochangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Prostaglandini huchochea maumivu, lakini pia hulinda utando kwa kuongeza ute na mtiririko wa damu. Mtu anayemeza dawa hizi kwa muda mrefu bila ushauri wa tabibu hutuliza goti na kuuacha utumbo bila ulinzi. Uharibifu huo haukomei kwenye mfuko wa chakula, bali hufika hadi utumbo mwembamba, na huweza kutokwa damu kidogokidogo bila maumivu. Parasetamoli haina athari ya namna hiyo kwa utando, ingawa ikizidi kipimo hudhuru ini.

Pombe nyingi nayo hulegeza viungio vya seli, hasa kupitia zao lake liitwalo asetaldehidi, na kuruhusu vipande vya bakteria kufika kwenye ini. Viuavijasumu havichomi utando moja kwa moja, lakini hupunguza bakteria wenye manufaa na kutoa nafasi kwa wale hatari. Mazoea ya kununua viuavijasumu dukani kwa kila tukio la kuhara yana gharama ambayo mnunuzi haioni.

4.3 Mlo

Kwa watu wenye ugonjwa wa siliaki, gluteni iliyomo katika ngano, shayiri na rai huichochea kinga ya mwili kuvishambulia vijidole hadi vikasawazika. Daktari Mholanzi Willem-Karel Dicke ndiye aliyebainisha uhusiano wa ugonjwa huo na ngano, na uhaba wa mkate wa wakati wa Vita Vikuu vya Pili uliipa nguvu hoja yake. Kwa mtu asiye na ugonjwa huo, hakuna sababu ya kitabibu ya kuuchukulia ugali wa ngano au chapati kuwa sumu ya utumbo.

Jambo linalowahusu watu wengi zaidi ni upungufu wa nyuzinyuzi. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda, alikuwa miongoni mwa waliotoa hoja kuwa magonjwa kadhaa ya utumbo mpana yaliyoenea Ulaya na Marekani yalikuwa adimu vijijini Afrika kwa sababu ya mlo wenye nyuzinyuzi nyingi. Mwaka 2015, O'Keefe na wenzake walibadilishana milo kati ya Wamarekani weusi 20 na wanavijiji 20 wa Afrika Kusini kwa wiki mbili. Wamarekani waliokula mlo wa kijijini walipata ongezeko la butireti na kupungua kwa viashiria vya hatari ya saratani ya utumbo mpana. Wanavijiji waliokula mlo wa Kimarekani, wenye mafuta mengi na nyuzinyuzi chache, walipata matokeo ya kinyume. Wiki mbili zilitosha kuonyesha tofauti.

5.0 Udhaifu wa Utumbo Unaotokana na Mazingira

5.1 Chimbuko la Dhana

Katika miaka ya 1960, watafiti waliochunguza vipande vya utumbo kutoka kwa watu wa nchi za joto waliona kuwa vijidole vyao vilikuwa vifupi na vipana, na seli za kinga zilikuwa nyingi kuliko ilivyo kwa watu wa Ulaya. Swali lilikuwa kama hiyo ni tofauti ya kimaumbile. Jibu lilitokana na Wamarekani waliokwenda Pakistani kwa kazi za kujitolea. Lindenbaum na wenzake walionyesha kuwa Wamarekani hao nao walipata mabadiliko hayohayo wakiwa huko, na kwamba waliporudi kwao utumbo wao ulirejea hali ya awali. Kwa hiyo, tofauti ilikuwa ya mahali, wala si ya asili ya mtu.

Maelezo yanayokubalika leo ni kwamba mtu anayemeza kila siku vijidudu vya kinyesi kupitia maji, udongo, mikono na chakula hupata mchochota usiokoma katika utumbo mwembamba. Mchochota ni mwitikio wa kinga ambapo seli za ulinzi hukusanyika na kupambana. Ukidumu, vijidole hufupika, viungio hulegea na vipande vya bakteria huvuka kuingia mwilini. Mwili hulazimika kutumia nishati na protini katika mapambano, na homoni za ukuaji hukandamizwa. Mtoto hupoteza mara mbili: hufyonza kidogo, na kile alichofyonza hutumika vitani badala ya kumrefusha.

Ushahidi mzito wa kuihusisha hali hii na kimo ulitoka Gambia. Mwaka 1991, Lunn, Northrop-Clewes na Downes waliripoti kuwa mabadiliko ya upenyekaji yaliweza kueleza takribani asilimia 43 ya kudorora kwa ukuaji wa watoto wachanga waliofuatiliwa. Mwaka 2009, Jean Humphrey alitoa hoja kwamba huenda udhaifu huu wa utumbo, kuliko kuhara kwenyewe, ndio unaounganisha ukosefu wa vyoo na udumavu. Hoja hiyo ilileta tumaini kubwa. Ikiwa ni kweli, choo, sabuni na dawa ya kutibu maji vingeweza kuwarefusha watoto.

5.2 Majaribio ya Usafi

Tumaini hilo lilijaribiwa kwa uangalifu. Jaribio la WASH Benefits nchini Kenya liliwahusisha wajawazito 8,246 katika kaunti za Kakamega, Bungoma na Vihiga. Vijiji viligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi. Baadhi vilipewa dawa ya klorini ya kutibu maji, baadhi vyoo bora, baadhi vifaa vya kunawia mikono, baadhi lishe ya nyongeza kwa watoto, na baadhi mchanganyiko wa hatua hizo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Watoto waliopewa lishe waliongezeka kimo kidogo. Hatua za maji, vyoo na kunawa hazikuongeza kimo, wala hazikupunguza kuhara.

Jaribio la SHINE lilifanyika katika wilaya za Chirumanzu na Shurugwi nchini Zimbabwe, likiwashirikisha wajawazito 5,280. Kaya za kundi la usafi zilijengewa choo bora, zikapewa vifaa viwili vya kunawia mikono, sabuni, klorini na eneo safi la mtoto kuchezea. Matokeo ya mwaka 2019 yalifanana na yale ya Kenya. Lishe ya nyongeza pamoja na elimu ya ulishaji ilipunguza udumavu kutoka asilimia 35 hadi 27. Hatua za usafi hazikubadilisha kimo.

5.3 Ufasiri wa Matokeo

Matokeo haya yanaweza kufasiriwa kwa njia mbili. Ufasiri wa kwanza ni kwamba utumbo hauna nafasi kubwa katika udumavu. Ufasiri wa pili ni kwamba hatua zilizochukuliwa hazikutosha kuukinga utumbo. Makala haya yanaona ufasiri wa pili una nguvu zaidi, kwa sababu mbili.

Kwanza, uchunguzi wa vijijini Zimbabwe uliowafuatilia watoto wachanga kwa karibu uliwakuta wakitia mdomoni udongo na hata kinyesi cha kuku. Choo cha watu wazima hakizuii kinyesi cha kuku uani. Pili, katika jaribio la Kenya kuhara kwenyewe hakukupungua, jambo linaloashiria kuwa kiasi cha vijidudu kilichomfikia mtoto hakikushuka vya kutosha. Ikiwa mtoto alimeza vijidudu vilevile, utando wake haukuwa na sababu ya kupona.

Hata hivyo, ufasiri huu haupaswi kugeuzwa kuwa imani isiyoweza kupingwa. Nchini Bangladesh, ambako jaribio kama la Kenya lilifanyika, kuhara kulipungua katika makundi kadhaa ya usafi, lakini kimo hakikuongezeka kwa sababu ya usafi pekee. Kwa hiyo, kupunguza kuhara na kurefusha mtoto ni mambo mawili yasiyofuatana moja kwa moja.

5.4 Majaribio ya Dawa na Madini

Njia nyingine ni kuwashambulia vijidudu wenyewe. Huko Haydom, mkoani Manyara, ambako pia palikuwa kituo kimojawapo kati ya vinane vya mradi wa kimataifa wa MAL-ED, jaribio la ELICIT liliwahusisha watoto 1,188. Baadhi walipewa dawa za kuua bakteria na vimelea kwa vipindi, na baadhi walipewa vitamini ya nikotinamidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 hayakuonyesha ongezeko la kimo. Kuwaondoa vijidudu kwa muda katika mazingira yanayowarudisha kila siku ni sawa na kukausha sakafu huku bomba likiendelea kumwaga maji.

Kuna pia tahadhari inayohusu madini ya chuma. Jaeggi na wenzake waliwapa watoto wa miezi sita nchini Kenya uji wa mahindi uliotiwa unga wa virutubishi kwa miezi minne. Matokeo ya mwaka 2015 yalionyesha kuwa unga wenye chuma uliongeza bakteria hatari na viashiria vya mchochota utumboni. Chuma kisichofyonzwa hubaki utumboni na kuwalisha bakteria wanaokihitaji. Hili halimaanishi kuwa chuma kiachwe, kwa kuwa upungufu wa damu nao hudhuru ukuaji wa akili. Mwaka 2017, utafiti mwingine uliofanyika Kenya ulionyesha kuwa kuongeza nyuzinyuzi za aina maalumu pamoja na chuma kulipunguza athari hizo. Kinachofundishwa hapa ni kwamba kirutubishi hakipimwi kwa kiasi kilichowekwa kikombeni tu, bali pia kwa hali ya utando kinakofikia.

6.0 Namna ya Kuyaeleza Maarifa Haya

Mjadala huu una maana tatu kwa watafiti na watoa elimu ya afya wanaotumia Kiswahili.

Kwanza, istilahi zichaguliwe kwa kuzingatia taswira zinazoletwa. Upenyekaji ni neno geni masikioni, lakini linaeleza kiwango, ilhali kuvuja kunaeleza tundu. Msikilizaji aliyeambiwa kuwa utumbo wake unavuja atatafuta kitu cha kuuziba, na wauzaji hawatakosekana. Hali kadhalika, wazo la kusafisha utumbo halina msingi kwa utando unaojibandua na kujijenga upya ndani ya siku chache. Dawa kali za kuharisha huondoa maji na chumvi mwilini, na kwa mtoto au mzee hasara hiyo yaweza kuwa kubwa.

Pili, elimu ya afya isimlaumu mama. Mabango mengi huonyesha mikono isiyonawiwa kana kwamba ndiyo chanzo chote cha afya mbaya ya mtoto. Kaya za Zimbabwe zilipewa choo, sabuni na klorini, zikatembelewa mara kwa mara, na bado kimo cha watoto hakikubadilika. Ikiwa bidii hiyo haikutosha, mama asiye na bomba nyumbani hawezi kuambiwa kuwa udumavu wa mwanawe umetokana na uzembe wake. Kunawa mikono kubaki wajibu wa kaya ni sawa, kwa kuwa kuna faida dhidi ya magonjwa mengi. Kuondoa kinyesi cha watu na wanyama katika makazi, na kufikisha maji safi ya bomba ndani ya nyumba, ni kazi inayozidi uwezo wa kaya moja na hivyo ni wajibu wa umma.

Tatu, yale yaliyothibitika yasemwe kwa uhakika. Maziwa ya mama pekee katika miezi sita ya kwanza humkinga mtoto dhidi ya vijidudu na humpatia kingamwili za kulinda utando. Mtoto anayehara anahitaji maji ya chumvichumvi na kuendelea kulishwa. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipendekeza pia zinki kwa siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, au miligramu 10 kwa mtoto wa chini ya miezi sita. Chanjo ya virusi vya rota, iliyoanza kutolewa Tanzania mwaka 2013 na Kenya mwaka 2014, hupunguza kuhara kukali, ingawa ufanisi wake katika nchi maskini ni mdogo kuliko katika nchi tajiri. Udhaifu wa utumbo wenyewe ni mojawapo ya sababu zinazochunguzwa kueleza tofauti hiyo.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa utando wa utumbo ni tabaka la seli moja linalolazimika kufungua na kufunga kwa wakati mmoja. Hudhurika kwa kushambuliwa na vijidudu, kwa dawa na pombe, kwa mlo usiofaa, na kwa kukosa viambata vya kujijenga upya. Madhara yenye maumivu humpeleka mgonjwa hospitalini na kutibiwa. Madhara yasiyo na maumivu, hasa ya mchochota wa kudumu utotoni, hupita kimya na kuacha alama katika kimo. Majaribio ya Kenya, Zimbabwe na Haydom yamefuta matumaini ya suluhisho jepesi, lakini hayajafuta uhusiano wa mazingira, utumbo na ukuaji. Yameonyesha kuwa lishe bora husaidia kwa kiasi, na kwamba usafi wa kiwango cha chini hautoshi. Watafiti watakaofuata wanapaswa kupima hali ya utando yenyewe, si kuhara na kimo pekee, na kulichunguza eneo la ua ambamo mtoto hutambaa kwa umakini uleule unaotumika kuchunguza maji anayokunywa. Hadi hapo, mtoto mfupi kuliko umri wake asihukumiwe kuwa amenyimwa chakula tu, kwani huenda amekula lakini utumbo wake haukuweza kukipokea alichokula.